Paka Huficha Maradhi: Dalili Zisizongoja Jumatatu

Waswahili humwambia mtu aliyenusurika mara nyingi kwamba ana roho ya paka. Madaktari wa wanyama, hata hivyo, wanamjua paka kwa sifa nyingine: ni mnyama anayeficha maradhi yake. Hujikunyata chini ya kitanda na kunyamaza, na siku anapoonekana wazi kuwa mgonjwa, mara nyingi hali yake imekwisha kuwa mbaya.

Jambo hilo nililifahamu nyumbani kwangu hapa Woodbridge, katika jimbo la Virginia, yapata kilomita 35 kusini magharibi mwa Washington, mji mkuu wa Marekani. Jioni moja ya Jumamosi, paka wetu dume aliingia kwenye beseni lake la mchanga, akachuchumaa, akatoka. Baada ya dakika chache akarudi tena. Tulidhani amefunga choo. Kliniki yake ilikuwa imefungwa, na ile ya dharura hutoza fedha nyingi zaidi, hivyo tulikubaliana kusubiri hadi Jumatatu. Jirani yetu, ambaye aliwahi kumpoteza paka kwa hali kama hiyo, alituambia tuutazame mchanga. Ulikuwa mkavu. Tulimpeleka usiku ule ule, naye akapona.

Mrija unaotoa mkojo kwa paka dume ni mwembamba mno. Chembe ngumu zinazojitokeza katika mkojo, zikichanganyika na ute, zaweza kuuziba kabisa. Mkojo ukizuilika, figo hushindwa kuondoa uchafu mwilini, madini ya potasiamu huongezeka katika damu, na moyo hupoteza mapigo yake ya kawaida. Paka aweza kufa kabla ya siku 2 au 3 kupita. Daktari humpa dawa ya usingizi, hupitisha mpira mwembamba kuuzibua mrija huo, kisha humtundikia maji. Kumbinya tumbo nyumbani ni hatari, kwani kibofu chaweza kupasuka. Paka jike huziba kwa nadra, lakini akitoa mkojo wenye damu naye anahitaji kupimwa.

Dalili ya pili ni kukataa chakula. Paka, hasa mnene, akikaa siku 2 au 3 bila kula, mafuta ya mwili wake hukimbilia kwenye ini na kulilemea. Ufizi na weupe wa macho huweza kugeuka manjano. Kwa hiyo paka aliyepitisha siku nzima bila kuonja kitu asiachwe tu kwa matumaini kwamba njaa itamrudisha kwenye sahani.

Kwa paka mzee, tazama bakuli la maji. Akinywa na kukojoa kuliko kawaida huku akikonda, yawezekana ana maradhi ya figo au kisukari. Akila sana na bado akakonda, huenda tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Haya si ya kukimbilia usiku wa manane, lakini yanahitaji vipimo vya damu na mkojo mapema.

Hatari nyingine hutoka mikononi mwetu wenyewe. Panadol, ambayo hapa Marekani wengi huijua kwa jina la Tylenol, ni sumu kwa paka: ini lake haliwezi kuivunja dawa hiyo kama liwezavyo ini la binadamu, na kidonge kimoja chaweza kumuua. Ufizi hugeuka rangi ya kahawia, uso na nyayo huvimba, pumzi hupungua. Dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, yenye permethrin, nayo humletea paka mitetemeko na degedege. Paka akishapewa kitu cha namna hiyo, usingoje dalili. Mpeleke kwa daktari pamoja na pakiti ya dawa, na umweleze ni kiasi gani na saa ngapi.

Mwisho ni kichaa cha mbwa. Sheria ya Virginia inataka kila paka mwenye umri wa miezi 4 au zaidi apewe chanjo hiyo. Paka akibadilika tabia ghafla, akawa mkali au akashindwa kumeza, usimshike. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa.

Kwa wasikilizaji wetu walioko Afrika Mashariki, ambako kliniki za paka ni chache nje ya miji mikubwa, daktari wa mifugo wa wilaya ndiye wa kumwendea kwanza. Kila asubuhi, uangalie mchanga, sahani na bakuli la maji. Paka hatasema anaumwa, lakini vitu hivyo vitatu vitakueleza.