Minyoo fundo kwenye nyanya: kazi inaanza kabla ya kupanda

Wengi mnanitumia picha za nyanya zinazonyauka mchana na kuamka jioni, mkiuliza mpulize dawa gani. Kabla hujanunua chochote, chimbua mche mmoja kwa jembe. Usiuvute kwa mkono, mizizi itakatikia chini. Ukikuta mizizi imevimba mafundomafundo, hao ni minyoo fundo. (Kwenye maharage kuwa makini: vifundo vya kurutubisha udongo vinabanduka ukivisugua kwa kidole, vya minyoo havibanduki, ni mzizi wenyewe umevimba.)

Ukishaona hivyo, msimu huo hakuna dawa ya kuurudisha mmea. Minyoo jike anakaa ndani ya mzizi na mmoja hutaga mamia ya mayai. Wapo wanaomwaga kabofurani kwenye mashina yenye matunda tayari. Tafadhali usifanye hivyo. Ni sumu kali, nchi nyingi zimeipiga marufuku, na mmea huinyonya kutoka kwenye udongo hadi ndani yake, wakati wewe keshokutwa unapeleka matenga sokoni.

Hela yako iweke kwenye udongo kabla ya kupanda. Ukimaliza kuvuna, ng'oa mizizi yote uichome, maana ukiiacha umewatunzia mayai. Halafu anza na kitalu, kwa sababu miche ndiyo inayowasafirisha minyoo hadi shamba safi. Kipindi cha jua kali lainisha udongo, mwagilia hadi uloe, funika kwa nailoni inayopitisha mwanga (siyo nyeusi), fukia kingo zote, acha wiki 4 hadi 6. Joto linaua wa juu. Walio chini sana watapona, kwa hiyo ukifunua usilime kwa kina.

Shamba zima huwezi kufunika, nailoni ni gharama. Huko panda marejea msimu mmoja. Kupanda hoho, mbilingani, bamia au tikiti siyo kubadilisha zao, yote hayo ni chakula chao. Samadi ya kuku iliyooza vizuri na mashudu ya mwarobaini pia vinasaidia, ukivichanganya na udongo wiki 2 au 3 kabla.

Dukani, tafuta herufi N kwenye sifa za mbegu. Inaonyesha ustahimilivu wa minyoo. Ila udongo ukizidi nyuzi 28 hivi ustahimilivu huo hupungua, kwa hiyo wenzangu wa maeneo ya joto kama Ruaha Mbuyuni msiutegemee peke yake.

Na jembe lililotoka kwenye shamba lenye minyoo, lioshe kabla hujaingia nalo kitaluni.