Ushauri Usioombwa Kuhusu Mnyama Wako: Namna ya Kuupima Kabla ya Kuufuata

Mtu anayefuga mbwa au paka mjini siku hizi hafugi peke yake. Akituma picha ya mbwa wake kwenye kundi la WhatsApp au kuiweka Facebook, hata kama nia yake ilikuwa kuulizia duka linalouza minyororo, hupokea majibu ya maswali ambayo hakuyauliza. Huyu atasema mbwa amekonda, apewe dawa ya minyoo leo hii. Yule atasema madoa yaliyo mgongoni ni ukurutu, apakwe oili chafu ya gari. Wa tatu atamlaumu kwa kumlisha ugali na dagaa, na wa nne atamwandikia faraghani kwamba anayo dawa, atume pesa aletewe na bodaboda.

Wengi wa watoao ushauri wa namna hii wana nia njema, na wapo miongoni mwao waliofuga kwa miaka mingi. Lakini nia njema haibadilishi kinachotokea ndani ya mwili wa mnyama aliyepewa kitu kisichomfaa. Kwa hiyo makala hii inamshauri mlaji aupime ushauri wa mtu asiyemjua kwa mambo mawili: hasara itakayotokea iwapo ushauri huo si sahihi, na ni nani atakayewajibika kwa hasara hiyo.

Kisichoonekana kwenye picha

Daktari wa wanyama huanza kwa kumpima mnyama: uzito, joto, mapigo ya moyo, rangi ya fizi, na kiasi cha maji mwilini. Picha ya simu haiwezi kutoa vipimo hivyo. Chukua mfano wa joto. Joto la kawaida la mbwa ni takribani nyuzi 38 hadi 39 za Selsiasi, yaani juu ya joto la binadamu. Kwa mkono wa mtu, mbwa mwenye afya huonekana kana kwamba ana homa. Anayekuambia umguse masikio ili ujue kama anaumwa anakupa kipimo kisichopima.

Dalili moja pia huwa na vyanzo vingi. Mbwa aliyekataa chakula na kulala kutwa anaweza kuwa na babesiosisi au erlikiosisi, magonjwa yanayoenezwa na kupe. Anaweza kuwa na minyoo, au amemeza mfupa uliokwama. Akiwa mtoto asiyechanjwa, anaweza kuwa na ugonjwa wa pavo, ambao humfanya atapike na kuhara, mara nyingi kuhara damu, na ambao unaweza kumuua ndani ya siku chache kwa kumkausha maji mwilini. Mshauri aliye mbali huchagua chanzo kimojawapo, kwa kawaida kile alichowahi kukiona kwa mbwa wake mwenyewe. Akikosea, saa zinazopita wakati mwenye mbwa akingojea dawa ifanye kazi ndizo zile zile ambazo mbwa alipaswa kuwa anatundikiwa maji.

Tofauti ya mahali nayo ina uzito. Mtu anayeishi Uingereza anaweza kukuambia kwa dhati kwamba mbwa wake hakuchanjwa kamwe dhidi ya kichaa cha mbwa, na kwamba chanjo hiyo haina ulazima. Kwake ni kweli: kule ugonjwa huo haupo miongoni mwa mbwa, na chanjo yake haimo katika chanjo za kawaida za nyumbani. Hapa kwetu ugonjwa upo, na mtu akishaonyesha dalili zake ni nadra mno kupona. Maneno yale yale, yakivuka mpaka, hugeuka kuwa hatari kwa familia nzima.

Ushauri wenye madhara makubwa zaidi

Upo ushauri unaojirudia mara kwa mara ambao mlaji anapaswa kuukataa bila kusubiri maelezo.

Wa kwanza ni kumpa mnyama dawa ya maumivu ya binadamu. Parasetamoli ni sumu kwa paka. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo, na mabaki yake huharibu chembe nyekundu za damu, hata damu isiweze kubeba oksijeni. Fizi hugeuka rangi ya kahawia au ya bluu, uso na nyayo huvimba, na mnyama huhema kwa shida. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa, huweza kumsababishia mbwa vidonda vya tumbo, kutokwa damu na figo kushindwa kufanya kazi.

Wa pili ni oili chafu kwa ajili ya ukurutu. Ugonjwa huo husababishwa na utitiri, wadudu wadogo mno wasioonekana vyema kwa macho, na baadhi yao huchimba ndani ya ngozi. Oili iliyotoka kwenye injini ina metali na kemikali ambazo hupenya kwenye ngozi yenye vidonda, na mbwa huimeza anapojiramba. Baadhi ya aina za ukurutu huambukiza watu pia, kwa hiyo kuchelewesha tiba sahihi huwagusa hata watoto wanaocheza na mbwa huyo.

Wa tatu ni kutumia dawa ya mnyama mmoja kwa mwingine. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe imetengenezwa na kupimwa kwa ajili ya ng'ombe. Baadhi ya dawa za viroboto vya mbwa zina permethrini, kiambato ambacho mbwa hukivumilia lakini humletea paka mtetemeko na degedege, na huweza kumuua. Lebo inaposema dawa ni ya mbwa tu, neno "tu" limewekwa kwa sababu hiyo.

Wa nne ni kumtapisha kwa maji ya chumvi mnyama aliyekula sumu. Chumvi nyingi ni sumu kwa nafsi yake. Tena, ikiwa alichomeza ni mafuta ya taa au kitu kinachounguza, kutapika humuumiza mara ya pili, na sehemu ya alichomeza inaweza kuingia mapafuni.

Wa tano unahusu mtu aliyeng'atwa na mbwa. Usipake jeraha pilipili, majani wala oili. Lioshe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake ni mzima.

Maswali manne ya kujiuliza

Ushauri mwingine hauna madhara kama hayo yaliyo wazi, na mwingine ni mzuri. Ili kuutenganisha, jiulize maswali manne.

Je, mshauri ameuliza lolote kabla ya kushauri? Anayetaja dawa bila kuuliza umri, uzito, mimba, chanjo na dawa nyingine anazotumia mnyama, amejibu kabla ya kujua.

Je, ushauri huu ukiwa si sahihi, ninaweza kuurudisha nyuma? Kubadilisha mahali pa kulala mbwa au kumwekea maji safi mara nyingi zaidi ni jambo unaloweza kulijaribu leo na kuliacha kesho. Dawa iliyokwisha kumezwa au kudungwa haiondoki kwa kujuta.

Je, ushauri unanisogeza karibu na uchunguzi au unaniweka mbali nao? Mtu asiyekujua akisema, "Fizi za huyo mbwa zimepauka sana, mpeleke kwa daktari leo," msikilize, hata kama amesema kwa ukali. Akisema, "Usipoteze pesa kwa daktari, fanya hivi," simama hapo. Swali hili peke yake hutenganisha sehemu kubwa ya ushauri wa kufuata na ule wa kuacha.

Je, nani atawajibika? Nchini Tanzania, madaktari wa wanyama husajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Daktari aliyesajiliwa ana jina, ana usajili unaoweza kuthibitishwa, na lipo baraza linaloweza kumwita ajieleze. Mtu anayejitambulisha mtandaoni kwa jina la utani na picha ya simba hana lolote kati ya hayo. Hata akiwa daktari kweli, wewe huna njia ya kujua hadi akutajie jina lake kamili nawe ulithibitishe.

Ushauri wenye bidhaa nyuma yake

Mara nyingi ushauri usioombwa ni mwanzo wa biashara. Hofu hutangulia, kisha bei hufuata. Mwandishi hukuambia kwamba mnyama wako ana siku chache za kuishi, halafu hukutajia dawa ambayo kwa bahati anayo yeye, iliyobaki chupa moja. Uharaka wa namna hiyo umekusudiwa kukuzuia usiulize.

Dawa za mifugo, kama zilivyo za binadamu, husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kabla ya kulipa, omba picha ya lebo nzima ikionyesha jina la dawa, mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda wa matumizi. Usinunue dawa iliyohamishiwa kwenye chupa ya soda au kwenye bomba la sindano lililokwisha kujazwa. Dai risiti. Muuzaji anayekataa kutoa risiti anakunyima ushahidi utakaouhitaji iwapo dawa itamdhuru mnyama.

Endapo umelipa na bidhaa haikuja, au imekuja kitu tofauti na ulichoelezwa, hifadhi mazungumzo yote, ujumbe wa muamala na namba ya simu. Usifute chochote kwa hasira. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuutuma kwenda namba 15040, na malalamiko kuhusu taarifa za kupotosha katika biashara hupokelewa na Tume ya Ushindani. Ikiwa fedha zimechukuliwa kwa hila, toa taarifa polisi.

Namna ya kujibu

Huna wajibu wa kumjibu kila mtu. Pale unapotaka kujibu, jibu fupi na la heshima linatosha: "Asante kwa kunijali. Mnyama huyu ana daktari wake, nitamuuliza." Sentensi hiyo haimtukani mtu, haifungui mabishano, na haikuahidishi lolote. Mshauri akiendelea kusisitiza, mwombe ataje jina la dawa, kipimo chake kwa kilo, na jina lake kamili ili ulipeleke kwa daktari. Mwenye ujuzi atajibu, na asiyekuwa nao mara nyingi atanyamaza.

Akikutukana au kukuaibisha kwa namna unavyofuga, mzuie. Usimtumie anwani ya nyumbani kwako kwa kisingizio kwamba atakuja kumtazama mnyama, wala usikubali amchukue "akamtibu" pasipo maandishi na pasipo kumfahamu. Kuhusu lawama za chakula, yafaa kujua kwamba mbwa hahitaji chakula cha pakiti ili awe na afya, bali anahitaji lishe kamili. Ugali mtupu haumtoshi. Huhitaji protini, kama vile dagaa au nyama, na vitamini na madini. Asipewe mabaki yenye vitunguu vingi wala chokoleti, kwa kuwa vyote viwili humdhuru.

Iwapo amekwisha kupewa

Ikitokea kwamba mtu wa nyumbani amekwisha kuufuata ushauri na mnyama amebadilika hali, usingoje dalili zizidi. Mpigie daktari simu mara moja na umweleze ukweli wote: alipewa nini, kiasi gani, saa ngapi. Kuficha kwa aibu humnyima daktari taarifa anayoihitaji kuliko zote. Chukua pakiti au chupa uende nayo. Sumu ya parasetamoli ina tiba, lakini tiba hiyo husaidia zaidi inapotolewa mapema.

Kujiandaa kabla ya kuugua

Ushauri wa wasiojulikana hupata nguvu pale ambapo mwenye mnyama hana wa kumpigia simu. Kwa hiyo maandalizi yafanyike mnyama akiwa mzima. Mfahamu daktari wa wanyama aliye karibu, muulize gharama ya kumwona, na uhifadhi namba yake. Asipokuwepo, mfahamu afisa mifugo wa kata yako. Mpime mnyama uzito na uuandike. Tunza kadi yake ya chanjo. Ulizia halmashauri yako kuhusu kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa, hasa kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba. Katika baadhi ya maeneo chanjo hiyo hutolewa bila malipo.

Aliyejiandaa hivyo anaweza kuyasoma maoni ya watu kwa utulivu, akachukua lenye manufaa na kuliacha lisilofaa, kwa kuwa anaye mtu wa kumuuliza kabla ya kutenda.