Je, Wajua? Hariri Ikiwashiwa Taa Nyuma, Picha Hupauka

Chukua picha yoyote mashuhuri ya mandhari, ichapishe kwenye hariri kama ungeichapisha kwenye karatasi, itundike ukutani na uwashe taa nyuma yake. Bluu ya bahari itapauka, na kijani cha minazi kitakuwa kama kimechuja kwa jua. Kosa si la fundi wala la mashine. Picha ya karatasi tunaitazama kwa mwanga unaoipita rangi mara mbili: ukiingia, kisha ukirudi kutoka kwenye weupe wa karatasi. Taa ikikaa nyuma, mwanga hupita mara moja tu, na rangi imebakiwa na nusu ya kazi yake. Kwa hiyo wachapaji wa picha za kuangazwa hukoleza wino, au huchapa picha ileile pande zote mbili, mstari juu ya mstari.

Hariri yenyewe hutoka kinywani mwa kiwavi wa nondo aitwaye Bombyx mori, mla majani ya mforsadi. Kifukofuko kimoja hufumuliwa kikatoa uzi wa mamia ya mita bila kukatika. Ndani yake mna nyuzi mbili za protini, fibroini, zilizoshikanishwa kwa gundi iitwayo serisini. Gundi ikishatolewa kwa kuchemsha na sabuni, hubaki nyuzi zenye unene wa takriban mikromita 10 na umbo la pembetatu. Pande zake bapa ndizo zinazorudisha mwanga na kuipa hariri ule mng'ao wa kilemba cha harusi. Cha ajabu, taa ikiwa nyuma mng'ao huo haufai kitu. Kinachofaa sasa ni wembamba wa kitambaa, na ukweli kwamba fibroini hupitisha mwanga. Rangi za asidi hushikamana na protini hiyo na kufungwa kwa mvuke, nazo hubaki angavu. Wino wa chembechembe hukaa juu ya uzi na kuuzibia mwanga njia.

Hapo ndipo kazi za kale zinapoleta tabu. Mwaka 1113, kijana wa Kichina Wang Ximeng alichora milima na mito kwenye hariri yenye urefu wa karibu mita 12, ambayo leo imo katika Makumbusho ya Kasri, Beijing. Bluu na kijani chake ni mawe yaliyosagwa, azuriti na malakiti. Ungeiwashia taa nyuma (na hakuna mlinzi atakayekuruhusu), milima yake mizuri ingegeuka mabaka meusi. Nakala ya kuangazwa haina budi kuyaacha mawe na kutafuta rangi nyingine ipitishayo mwanga. Enzi ya Wang, ya nasaba ya Song, si ngeni kwetu Unguja: sarafu za nasaba hiyo zilifukuliwa Kajengwa, Makunduchi, mwaka 1945.

Na picha za hapa Unguja, kama za Mtoni, je? Jumba la huko la Sultani Seyyid Said, alikozaliwa binti yake Salme mwaka 1844, liliungua mwaka 1914. Zimebaki kuta ufukweni. Kumbukumbu za Salme, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, zinasimulia roshani ya mviringo iliyotazama bahari, na ua wenye tausi na mbuni. Baadhi ya picha za Unguja ya karne ile zilichapwa kwa litografia, wino mweusi juu ya karatasi, na kwa taa ya nyuma mtindo huo ni bahati: mstari huziba, patupu huwaka. Ningekuwa mimi fundi, nisingetia rangi hata tone. Wanaozipaka rangi picha hizi huishia na bahari ya kadi ya posta.

Ukitaka kuitundika hariri hukohuko, kumbuka kwamba pwani ya Mtoni hutazama magharibi, na jua la alasiri ni adui yake. Mionzi ya urujuanimno huigeuza fibroini njano na kuilegeza uzi kwa uzi. Taa za LED za kawaida hazina mionzi hiyo ila kidogo mno. Itundike kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Kifaa cha kupunguzia umeme wa taa kiwekwe nje ya fremu, mahali mkono unapofika, kwa maana hutoa joto, na hewa ya chumvi hukila kabla ya hariri.