Matumizi ya Seli Hai katika Kubaini Zebaki: Uwezo na Mipaka yake kwa Maji ya Butiama na Musoma

Uchimbaji wa dhahabu huko Buhemba, wilayani Butiama, ulianza tangu enzi za ukoloni. Wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa ili chembe za dhahabu zishikamane nayo. Kisha donge linalopatikana huchomwa, zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki. Zebaki nyingine husalia katika marudio, na mvua huweza kuipeleka vijitoni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini utekelezaji wake unahitaji vipimo vya mara kwa mara, ilhali mashine za maabara ni ghali.

Seli hai hutoa njia nyingine. Baadhi ya bakteria wana jeni za kujikinga na zebaki, zinazodhibitiwa na protini iitwayo MerR. Pasipo na zebaki, protini hiyo huzizuia jeni. Ioni ya zebaki inapoishika, hubadili umbo na kuziruhusu zifanye kazi. Mwaka 1993, Selifonova, Burlage na Barkay walichapisha utafiti uliounganisha utaratibu huo na jeni za bakteria wa baharini watoao mwanga, ndani ya Escherichia coli. Zebaki inapoongezeka, mwanga nao huongezeka, hadi pale sumu inapoidhuru seli yenyewe.

Hapa ndipo tafsiri ya matokeo inapohitaji uangalifu. Kwanza, sampuli yenye sumu kali huweza kuua seli, na giza likadhaniwa kuwa usalama. Hivyo hutakiwa seli za ulinganisho zinazong'aa wakati wote. Pili, seli hupima zebaki inayoweza kuingia ndani yake tu, si ile iliyoshikwa na tope. Tatu, bakteria wa matopeni huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo hulimbikizana katika samaki. Seli isiyo na kimeng'enya MerB, kinachoivunja methili-zebaki, haitaibaini vizuri. Nayo ndiyo inayomhusu zaidi mlaji wa sangara wa Musoma au Bunda.

Kwa hiyo, kihisio cha seli hakichukui nafasi ya maabara, bali huonesha ni sampuli zipi zipelekwe huko kwanza. Aidha, kwa kuwa seli hizo zimebadilishwa kijenetiki, zinapaswa kutumika ndani ya chombo kilichofungwa na kuteketezwa baada ya kipimo, zisije zikaingia katika maji yanayochunguzwa.