Mwanao Hahesabu Vyoo, Mzee

Kila wanafunzi wetu wa udaktari wanapopangiwa vijiji vya Kipkelion, Kericho, simu ni ile ile, mzazi tu ndiye hubadilika: mwanangu alipata A kwenye KCSE, mbona mnampeleka kijijini kuhesabu vyoo? Wahadhiri wenzangu hujibu kwa upole. Mimi upole umeniishia.

Wazazi hawa wanaamini udaktari uko wadini, kwenye hospitali kubwa, na kwamba kijijini ni matembezi. Haya, twende wadini. Mgonjwa kakonda, hata uji haupiti. Mwanafunzi anauliza: "Chai unakunywa ya moto sana?" Anajibiwa: "Ya kawaida tu." Anaandika "kawaida" na kufunga faili. Sasa mkalishe jikoni kwa mama mchuma chai kabla hakujapambazuka. Chai inatoka kwenye sufuria iliyo bado motoni, na mama anaimaliza huku mvuke ukimpiga usoni, maana lazima awahi shambani. Mgeni wetu bado anapuliza kikombe chake. Hiyo ndiyo kawaida, na hakuna faili ambalo lingemwambia.

Si jambo dogo. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 za selsiasi huenda vinasababisha saratani ya umio, hii watu wanayoiita kansa ya koo. Nayo hospitali ya Tenwek, hapo Bomet, imewatibu wagonjwa wa saratani hiyo hata walio chini ya miaka 30. Chai ya moto si mshtakiwa pekee: kuna tumbaku, kuna pombe, na mursik, maziwa yanayogandishwa kibuyuni, nayo imepimwa na kukutwa na asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani.

Hapo ndipo kijana wa A huharibu. Kasoma habari ya mursik, basi anaingia nyumba ya watu na kuwaambia waache. Kibuyu ambacho mgeni wa heshima humiminiwa! Anayemwokoa si profesa. Ni mhamasishaji wa afya wa kijiji, mama asiye na shahada, anayemvuta kando: usianze na kibuyu, uliza kwanza kama chakula kinakwama. Anauliza. Mzee anakiri kwamba nyama imemshinda tangu Krismasi, na ugali anausukuma kwa maji. Kwa swali hilo moja, mzee anafika hospitali wakati bado anameza. Huo ndio ulezi wa kitaaluma ninaoujua mimi. Hotuba za ukumbini tunazo za kutosha.

Na vyoo? Ndiyo, wanavihesabu. Aliyeona choo kilichochimbwa upande wa juu wa kisima hatashangaa kliniki ikijaa watoto wa kuhara.

Wala msidhani tunawatuma huko kwa uhaba wa vitanda hospitalini. Chuo Kikuu cha Moi kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990 kule Eldoret, mafunzo ya kijijini, COBES, yalikuwa ndani ya mtaala tangu mwanzo.

Basi, kwa haraka. Mzazi: nunua gambuti na sweta zito, Londiani kuna baridi, na usimtumie gari la kumrudisha wikendi. Mwanafunzi: sema "chamgei", keti, fomu baadaye, rudi nyumba ile ile mara ya pili, matokeo yapeleke kwenye baraza la chifu, yasiishie kwenye ripoti. Mhadhiri: nenda mwenyewe, usimtupie watoto muuguzi mwenye foleni mlangoni. Mwenye nyumba: una haki ya kukataa, na ya kuuliza nani anawasimamia, mwanafunzi hana ruhusa ya kukuandikia dawa.

Na wewe ambaye chakula kinakukwama, acha kununua dawa ya asidi dukani kila wiki. Nenda hospitali, uombe kupimwa kwa endoskopi.