Wazazi manyoya mafupi, mtoto manyoya marefu: usikimbilie kusema umeuziwa chotara

Wiki hii kijana mmoja mfuga kuku kanipigia simu, kachukia kweli. Alinunua German Shepherd wawili wa kulinda banda, wote manyoya mafupi. Wamezaa, mtoto mmoja ana manyoya marefu. Sasa anataka arudishiwe hela.

Nikamwambia tulia kwanza. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kuwa jeni tatu zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa: FGF5 (urefu), KRT71 (kujikunja) na RSPO2 (ndevu na nyusi).

Kila mbwa ana nakala mbili za jeni, moja ya baba, moja ya mama. Manyoya marefu hutokea nakala zote mbili za FGF5 zikiwa za urefu. Mwenye moja tu anaonekana wa kawaida, kumbe amebeba. Wakipandana wabebaji wawili, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 kutoka na manyoya marefu.

Kwa hiyo manyoya peke yake si ushahidi wa uchotara. Ulinzi ni malezi na mafunzo, kwa hiyo usimtupe. Mchane tu mara kwa mara, kupe hujificha humo. Kama hutaki watoto wa hivyo, usiwapandishe tena hao wawili. Na andika kumbukumbu za kila uzao, kama unavyofanya kwa mbuzi.