Kitenzi "Piga" na Makofi ya Mgeni

Husemwa mara nyingi kwamba katika misemo kama piga simu, piga pasi na piga kura, kitenzi piga kimekwisha maana, na nomino pekee ndiyo ibebayo ujumbe. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 iliorodhesha misemo mingi ya namna hiyo. Orodha, hata hivyo, haitoshi.

Twasema: ameipiga nguo pasi, ameupiga ukuta rangi, amempiga mtoto picha, lakini: amempigia mama simu, amempigia mgombea kura. Yule afikwaye na tendo lenyewe hufuata piga. Yule aelekezewaye tu hudai kauli ya kutendea, pigia.

Tofauti hii si ndogo. Katika sehemu za Meru na Embu, Kiswahili kwa wengi ni lugha ya pili. Mwanafunzi wa huko akiandika "mgeni alipigwa makofi" badala ya "alipigiwa makofi", amegeuza shangwe kuwa shambulio. Msemo anaujua, asichofundishwa ni sarufi yake. Yafaa basi kamusi zetu zionyeshe, kando ya kila msemo, kauli inayoupasa.